Hondohondo Analala kwa Nani?

Kibao cha mlangoni kilisomeka "Afisa Kiungo", na kwa kuwa hakuna mwenye subira ya kutamka maneno mawili mahali ambapo moja linatosha, wote walimwita Kiungo. Kuna waliomtania kwamba ni kiungo cha mchuzi, na kuna waliosema ni kiungo cha goti. Yeye aliwajibu kwamba inategemea siku: kuna siku anatia ladha, na kuna siku anauma.

Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wawili wasiopikika chungu kimoja waelewane kuhusu msitu mmoja. Msitu wenyewe ulifunika mgongo wa milima nyuma ya mji. Sehemu ya juu, yenye ukungu na baridi, ilikuwa hifadhi ya serikali kuu. Miteremko ya chini ilikuwa mali ya serikali ya jimbo. Mpaka ulipita katika bonde moja lenye kijito, ila ukiuliza ulipita wapi hasa, jibu lilitegemea kumetokea nini. Moto ukiwaka, kila serikali ilisema bonde ni la mwenzake. Wageni wenye kamera wakija, bonde lilikuwa la kila mmoja.

Upande wa serikali kuu alikuwepo Mkurugenzi wa Misitu, mtu mwembamba, nadhifu, ambaye sentensi zake zote zilianza na "kwa mujibu wa", hadi watumishi wake wakambandika jina hilohilo: Kwa Mujibu. Upande wa jimbo alikuwepo Kamishna, mama mwenye sauti ya kufika viti vya nyuma bila kipaza sauti, asiyekubali kuambiwa na mtu wa serikali kuu hata kwamba mvua inanyesha. Lazima atoke nje akaguse mwenyewe.

Ofisi ya Kiungo ilikuwa chumba kimoja cha chini kilichowahi kuwa stoo ya viti. Meza ilikuwa ya jimbo, kabati la serikali kuu, na kila kimoja kilipigwa mhuri ubavuni kama ng'ombe. Siku alipotaka kusogeza meza karibu na dirisha apate mwanga, aliambiwa aombe kibali. Alipotaka kusogeza kabati ili lipishe meza, akaambiwa kibali hicho kinatoka kwingine. Akaiacha meza palepale, akahamia kukaa upande wake wa pili.

Ufundi wake alitoka nao nyumbani. Alipokuwa mtoto, baba na mama yake walinuniana kwa sababu ya redio. Baba alisema redio imeungua, mama akasema imeunguzwa, na kwa ajili ya herufi hizo chache wakaacha kusemezana msimu mzima, ingawa walilala chumba kimoja na kula meza moja. Mtoto ndiye aliyekuwa posta.

"Mwambie huyo baba yako chakula kinapoa, na sitakipasha tena," mama angesema.

Baba ameketi hatua chache kutoka hapo, anakuna kidevu. Mtoto anageuka na kusema, "Baba, mama anakukaribisha mezani."

"Mwambie nimesikia. Sina haraka ya kula chumvi."

"Mama, baba anasema anakuja, na kinanukia vizuri."

Hivyo ndivyo alivyojifunza kwamba neno likitoka kwa mtu halilazimiki kufika kwa mwingine likiwa na nguo zilezile. Alipokua akasoma mambo ya misitu, akapata kazi serikalini, na walipotafuta mtu wa kukaa katikati ya serikali mbili, yeye hakuona chochote kigeni. Kwa Mujibu akimtuma aseme, "Mwambie Kamishna ramani yake imechorwa na mlevi," Kiungo alifika jimboni na kusema, "Mkurugenzi anavutiwa na ramani yenu, angependa kujua ilichorwaje." Mumewe, aliyekuwa fundi wa meno ya bandia, alizoea kusema kwamba nyumba yao imekamilika: yeye anashughulika na meno, mkewe na maneno, na wote wawili wanauza vya kutengeneza.

Pamoja na ufundi wote huo, mambo hayakusogea. Serikali kuu ilikuwa na sera yake ya bioanuwai, neno ambalo dereva wa ofisi alilieleza kwa wageni kuwa ni "wote wanaoishi huko porini bila kulipa kodi". Jimbo nalo lilikuwa na mpango wake wa misitu. Maandishi hayo mawili yalitakiwa kupatana, na vikao viliitwa ili yapatanishwe. Kikao kimoja kilivunjika kwa ubishi kama waraka wa pamoja uitwe sera au mwongozo. Kingine kilivunjika kwa sababu jina la jimbo liliandikwa chini ya jina la serikali kuu, na walipojaribu kuyaandika sambamba, Kwa Mujibu akauliza nani atakaa kushoto, maana watu husoma kuanzia kushoto. Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu, jaji mstaafu aliyekuwa na tabia ya kufumba macho vikao vinapochemka, hakufumbua hata siku hiyo.

Huku wakibishana, msimu wa kuvuna mbao ukakaribia, na Kiungo akapanda bondeni na dereva kuangalia hali.

Bonde hilo lilikuwa makazi ya hondohondo, ndege wakubwa weusi wenye midomo kama ndizi iliyopinda. Ndege hawa wana ndoa ya ajabu. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia katika tundu la mti mzee na kujifungia humo kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba tu. Dume ndiye anayeruka kutwa nzima kutafuta matunda na kumlisha kupitia ufa huo, mpaka makinda yakue. Sasa miti mizee yenye matundu ilikuwa upande wa jimbo. Mikuyu yenye matunda ilikuwa juu, upande wa serikali kuu. Kwa maneno mengine, ndege alilala katika serikali moja na kula katika nyingine, bila kibali cha yeyote.

Kiungo alisimama chini ya mti mmoja mkubwa. Juu, kwenye ufa, ncha ya mdomo ilikuwa ikichungulia. Dume likatua kwa kishindo cha mabawa, likatema tunda moja baada ya jingine, na ule mdomo wa ndani ukayapokea.

"Huyu bwana ana majukumu," dereva alisema.

Kiungo hakucheka. Alikuwa anatazama shina. Lilikuwa na alama ya rangi nyekundu, mbichi bado, ya watu wa jimbo. Katika mpango wao, mti uliokomaa namna ile ulikuwa mti wa kukatwa. Akazunguka, akaona alama nyingine, na nyingine, na karibu kila mti wenye alama ulikuwa na mama amejifungia ndani.

Njia halali aliijua. Angeandika taarifa, taarifa ingeenda juu, Kwa Mujibu angemwandikia Kamishna kwamba kwa mujibu wa sera jimbo limekosea, na Kamishna, kwa kuambiwa tu na serikali kuu, angetuma misumeno siku inayofuata. Njiani kurudi dereva alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Asubuhi iliyofuata aliingia kwa Kamishna na uso wa mtu asiyependa umbea.

"Mheshimiwa, mimi silisemi hili kama afisa," alianza. "Nasikia tu. Nasikia serikali kuu wanataka kutangaza kwamba hondohondo wote wa bondeni ni wa kwao. Eti kwa sababu wanakula kwao."

Na ni kweli alikuwa amesikia. Alijisikia mwenyewe akilisema mbele ya kioo cha bafuni alfajiri ile.

Kamishna aliweka kikombe chini taratibu. "Wanakula kwao?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wanalala wapi?"

"Wanalala kwetu, Mheshimiwa. Ila kwenye ile miti iliyowekwa alama."

"Mwanangu, mtu ni wa pale anapolala. Ukila hotelini unakuwa mtoto wa mwenye hoteli?" Kamishna alishika simu. Kabla Kiungo hajamaliza chai aliyokaribishwa, amri ilikuwa imeshatoka: mti wowote wenye tundu katika bonde ni makazi ya mkazi wa jimbo na hauguswi.

Kiungo angeishia hapo, angekuwa amepona. Lakini akafikiria mikuyu ya juu, ambayo watu walikuwa wakiikata kuchoma mkaa huku askari wa hifadhi wakiangalia kwingine. Siku mbili baadaye alikuwa mbele ya Kwa Mujibu, na safari hii hakuhitaji hata kutunga.

"Mkurugenzi, jimbo limezuia kukata miti bondeni. Wanasema ndege ni wao kwa sababu wanalala kwao."

Kwa Mujibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa mujibu wa sheria gani ndege ana makazi? Ndege ana malisho. Asipokula, hawezi kulala popote."

"Sijui, Mkurugenzi. Mimi ni mjumbe tu."

Wiki hiyohiyo mkaa ukapigwa marufuku hifadhini, na miche ya mikuyu ikaanza kupandwa ukingoni mwa kijito, serikali kuu ikilisha ndege wake. Jimbo liliposikia, likapanda miche yake ng'ambo, mirefu zaidi. Serikali kuu ikasimamisha kibao: "Hawa ni Ndege wa Taifa." Jimbo likasimamisha kikubwa zaidi: "Nyumbani kwa Ndege wa Jimbo." Dereva alisema hakitapita kipindi kirefu hondohondo wataombwa vitambulisho. Kiungo alienda nyumbani kila jioni akiimba, na mumewe, aliyemfahamu, akawa na wasiwasi.

"Mke wangu, umewafanya nini wale watu?"

"Sijawafanya kitu. Wanapendana tu kwa njia yao."

"Kuna siku watakaa chumba kimoja waulizane."

"Hawajawahi kuulizana kitu," alisema Kiungo. "Kazi yangu ipo kwa sababu hiyo."

Mkosi ulianzia kwa askari. Kila serikali ilituma askari wake wa misitu kulinda ndege wake dhidi ya majangili, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Vikundi viwili vikakutana bondeni asubuhi yenye ukungu, kila kimoja kikaona watu wenye mapanga kwenye eneo lake, na kila kimoja kikatangaza kwamba kinakamata kingine. Kwa kuwa wote walikuwa wanafuata sheria, hakuna aliyekimbia. Walishuka mlima wote pamoja wakibishana, kila mmoja amemshika mwenzake mkono, mpaka kituo cha polisi, na huko kila kikundi kikaomba kifunguliwe jalada la kukabidhi watuhumiwa wake. Polisi wa zamu hakujua amfungie nani. Askari mmoja wa jimbo alikuwa ameteleza kwenye mawe akateguka kifundo cha mguu, na huyo ndiye aliyekalishwa mahabusu, kwa sababu ndiye pekee aliyeomba kukaa.

Kwa Mujibu na Kamishna waliitwa kituoni kuja kutambua watu wao. Walisimama pande mbili za kaunta moja, na hapakuwa na mtu wa katikati.

"Kwa mujibu wa nani ulituma watu wako kwangu?" aliuliza Kwa Mujibu.

"Niliwatuma baada ya wewe kutangaza kwamba ndege wangu ni wako."

"Mimi? Nilitangaza baada yako. Nani alikuambia nilitaka kutangaza?"

"Na wewe nani alikuambia kwamba nasema wanalala kwangu?"

Polisi wa zamu alisimulia baadaye kwamba walitazamana, kisha wakalitaja jina moja kwa pamoja, kama watoto wanaoitikia darasani. Waliondoka kituoni kwa gari moja kwenda kumfungulia mashtaka.

Kiungo alipata wito wa kufika mbele ya Mwenyekiti. Kilichomuuma zaidi ya wito ni yule askari. Alimpelekea machungwa nyumbani, akamkuta ameweka mguu juu ya stuli, na akamwambia ukweli wote bila kuupunguza: kwamba maneno yaliyompeleka bondeni yalitungwa na yeye, na kwamba anaomba radhi.

Askari alimenya chungwa polepole. "Dada, mimi nimefanya kazi hii tangu ujana na sijawahi kukamata mtu. Siku ile nilikamata saba. Usiniharibie." Kisha akaongeza, bila kutabasamu, "Ila mguu unauma kweli."

Jumapili alienda kwa mama yake, mjane sasa, akamweleza kisa chote. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Wamekasirika kwa sababu umebadilisha maneno yao?"

"Ndiyo, mama. Kama nilivyokuwa nafanya kwako na baba."

Mama alipuliza makapi. "Kwani ulidhani baba yako alikuwa hasikii? Alikuwa amekaa palepale. Alisikia yangu, kisha akasikia yako."

Miaka yote hiyo Kiungo hakuwahi kulifikiria.

"Na hamkuniambia?"

"Tukuambie ili iweje? Ilikuwa burudani. Redio si ilikuwa imeunguzwa?" Mama akasogeza ungo. "Mara moja alinong'ona usiku kwamba anapenda tafsiri zako lakini mimi naeleweka haraka zaidi."

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa kamati. Kwa mara ya kwanza walalamikaji walikaa upande mmoja wa meza. Mwenyekiti alifumba macho kama kawaida.

"Huyu mama ametuchezesha kama karata," Kamishna alianza. "Amekuwa akichukua maneno yangu..."

"...na kuyaleta kwangu yakiwa yameogeshwa," alimalizia Kwa Mujibu. "Kwa muda wote huo sikujua kwamba Kamishna ananidharau."

"Sana," alisema Kamishna. "Na mimi sikujua kwamba aliiita ramani yangu kazi ya mlevi."

"Nilisema hivyo. Na bado nasema."

"Mto umechorwa ukipanda mlima," alisema Mwenyekiti, macho yamefumbwa. "Nimeiona hiyo ramani. Binti, ni kweli ulitunga?"

Kiungo alisimama. Alikuwa ameandaa maelezo marefu, yakampotea yote. "La kwanza nilitunga, Mheshimiwa. Mengine yalijiendesha. Miti ilikuwa imewekwa alama na ndege walikuwa ndani. Sikuona njia nyingine, na sikutafuta sana. Mtu aliumia kwa ajili hiyo."

Mwenyekiti alifumbua macho. Waliokuwemo wakakaa wima, maana jambo hilo halikuwa la kawaida.

"Basi alichoanzisha kwa uongo tukifute," alisema. "Kamishna, rudisha alama kwenye miti, ikatwe. Mkurugenzi, ng'oa mikuyu, ruhusu mkaa. Turudi tulipokuwa."

"Hapana," alisema Kamishna.

"Kwa mujibu wa... hapana," alisema Kwa Mujibu.

"Mnakataa wote wawili?"

Walitazamana kwa pembe za macho. Kamishna akasema miti yake haimhusu mtu. Kwa Mujibu akasema mikuyu yake imeshashika mizizi. Mwenyekiti akauliza nani atalinda bonde sasa, kwa kuwa polisi wameomba wasiletewe tena. Hapo walibishana kweli, bila mjumbe, bila kuogesha neno. Kamishna alimwita Kwa Mujibu kabati la mafaili. Kwa Mujibu akamwita Kamishna kipaza sauti kisicho na swichi ya kuzimia. Kiungo alikuwa anajikunja kitini kila neno lilipopita, akisubiri mmoja anyanyuke atoke. Hakuna aliyetoka. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubaliana doria moja ya askari wa pande zote, chini ya yule aliyeteguka mguu, na waraka mmoja wa bonde ambao haukuitwa sera wala mwongozo. Uliitwa "Maelewano", na majina yao yaliandikwa kwa kuzungushwa kwenye duara ili pasiwe na kushoto.

Adhabu ya Kiungo ilikuwa onyo kali na sharti moja. Kila Jumatatu wakuu hao wawili wazungumze wenyewe kwa simu, sauti ikiwa wazi, katika ofisi yake, na yeye akae asikilize, asibebe tena neno la mtu.

Wengi walidhani ameponea chupuchupu. Yeye aliiona adhabu ni nzito. Jumatatu za mwanzo alikaa mikono mapajani, huku wale wawili wakirushiana maneno mabichi, na vidole vikimwasha kutaka kuyapika kidogo. Alimwambia mumewe kwamba ni kama kumwangalia mtu akitafuna mfupa bila meno. Polepole akagundua kwamba mfupa unatafunika. Walitukanana, wakacheka, wakapanga. Kilichomchukua yeye miezi ya kwenda na kurudi, wao walikimaliza kabla chai haijapoa. Kuna jioni moja alirudi nyumbani akiwa mnyonge, akauliza kama kuna mtu anayehitaji kiungo katika mchuzi uliokwisha kuiva. Mumewe alimwambia ale kwanza.

Makinda yalitoka msimu huo. Askari wa doria walimpigia simu aje kuona jike likibomoa udongo na kutoka, manyoya yamechakaa kama godoro la zamani, likakaa tawini likijinyoosha huku dume likilitazama kwa mbali. Kiungo alikaa chini ya mti ule hadi jua likahamia upande wa pili wa bonde.

Siku hizi wale wawili wanagombania kofia za askari wa doria. Serikali kuu inataka kijani, jimbo linataka bluu, na mazungumzo yamekwama hapo Jumatatu kadhaa. Kiungo ana maoni yake. Ameambiwa asibebe neno, na hajabeba hata moja. Wiki iliyopita, kikao kilipohamia ukumbini ili waonane uso kwa uso, alikuja na kilemba cha rangi ya udongo, kilichofungwa vizuri, kinachompendeza sana, akakaa mahali ambapo wote wawili walilazimika kumwona, akanyamaza mwanzo hadi mwisho. Juzi Kamishna alipendekeza kahawia. Kwa Mujibu akasema kwamba kahawia lilikuwa wazo lake, tena kwa mujibu wa kumbukumbu zake alilifikiria kwanza. Kiungo aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.